Jibu: «Attendez» na «que vous attendiez»

Ndugu, umeuliza kwa nini abiria kutoka Bujumbura alikurekebisha Kifaransa chako pale kwenye kivuko cha Kamanga uliposema «il faut que vous attendez», ilhali «attendez» («subirini») peke yake huikubali. «Attendez» ni amri, nayo husimama yenyewe bila kiwakilishi cha mtenda. Lakini baada ya «il faut que» kitenzi huingia katika dhamira tegemezi (subjonctif), yaani umbo la jambo linalotakiwa au kulazimu, kwa hiyo ulipaswa kusema «il faut que vous attendiez», kama sisi tunavyosema «inabidi msubiri» na si «inabidi mnasubiri».

Hata hivyo, usikitegemee Kiswahili mpaka mwisho. Sisi husema «nataka niende Sengerema» bila shida, lakini Kifaransa hakikubali «je veux que j'aille» mtenda anapokuwa yuleyule. Husema «je veux aller», na dhamira tegemezi hungoja mtenda abadilike: «je veux que tu ailles». Kosa hili, kwa maoni yangu, ndilo linalotusumbua zaidi. Jihadhari pia na «espérer que» («kutumaini kwamba»), ambayo katika sentensi ya kukubali hufuatwa na kitenzi cha kawaida, kisicho katika dhamira tegemezi: «j'espère qu'il viendra» («natumaini atakuja»).

Kuhusu amri, nafsi ni tatu pekee («tu» yaani wewe, «nous» yaani sisi, «vous» yaani ninyi), na vitenzi vya -er hupoteza s katika umoja: «parle» («sema»), ingawa s hurudi katika «vas-y» («nenda huko»). «Être» («kuwa») na «avoir» («kuwa na») huazima maumbo yao kutoka dhamira tegemezi: «sois», «ayez». Ukitaka kumwagiza mtu asiyekuwepo, sema «qu'il vienne», yaani «na aje».