Kabla hujachukua fomu ya ubunge, kiwanda kinajiendesha?

Wadogo zangu mnaoanza na mashine ya kukamua alizeti huku moyoni mna ubunge, mimi niliishia udiwani tu, muhula mmoja, ila yaliyonikuta yanatosha kuwasimulia.

Hapa Singida kila mtu anamtaja Mo Dewji, na ni kweli, Singida Mjini ameishika 2005 mpaka 2015 huku kampuni yao ya MeTL inatoa mafuta, sabuni, vitambaa, halafu 2015 hakugombea tena akabaki na biashara zake. Ila watu wanasahau ile ni kampuni ya familia, ilikuwepo na wenyewe kabla hajawa mbunge. Wewe una mashine mbili na shemeji yako ndo kashika funguo za stoo!

Cheki kalenda tu. Bunge la bajeti ni kuanzia mwezi wa nne mpaka mwisho wa sita, na alizeti yetu ndo inaanza kumiminika wa tano, wa sita, yaani kipindi kile unatakiwa uwe na keshi mkononi ununue wakati bei iko chini ujaze stoo, mheshimiwa uko Dodoma. Mimi hata Dodoma sikufika, ni vikao vya halmashauri na misiba ya kata tu, nikachelewa kununua msimu mmoja, kufika mwezi wa tisa nanunua gunia kwa walanguzi kwa bei wanayotaka wao.

Halafu ukishaitwa mheshimiwa watu hawaji kiwandani kununua, wanakuja kuomba dumu. Msiba, ada, jezi za timu. Nilikuwa natoa kwenye droo bila kuandika, kosa langu, siasa siisingizii. Jilipeni mshahara, michango itoke humo humo. Na kuna fomu ya mali na madeni ya Sekretarieti ya Maadili, hata diwani anajaza, kama daftari lako ni la kubahatisha hapo utatoka jasho. Ukisimama kutetea ushuru wa mafuta ya nje upande, sawa, mkulima anafaidika, lakini na wewe unakamua, liseme mwenyewe kabla hujaulizwa.

Kabla ya fomu, ondoka kiwandani wiki tatu katikati ya msimu, usipige simu. Ukirudi anza kuhesabu mashudu, yale makapi yanayobaki alizeti ikishakamuliwa, maana mafuta yanapimwa kila mtu anaona, mashudu ndo yanaondokaga usiku.