Bunduki ya kwenye pikapu: hela nyingi ziende kwenye sanduku

Watanzania na Wakenya wa Texas siku hizi wanasogea nje ya mji. Mtu anafanya kazi Houston au Dallas, anapata ekari chache za nyasi mwendo wa saa moja na nusu, anafuga mbuzi wa Boer wa kuuza Idd na Krismasi, na mwaka haujaisha koyoti, wanyama wa huku wanaofanana na mbweha, wameshaanza kula vitoto vya mbuzi. Hapo simu zinaanza: "Kaka, ninunue bunduki gani ya kutembea nayo kwenye gari?"

Kabla ya bunduki, makaratasi. Mwenye grinkadi, yaani kibali cha kuishi Marekani moja kwa moja, anaruhusiwa kununua, ila aende na kitambulisho cha serikali chenye anwani anayoishi na namba yake ya uhamiaji. Mwenye viza ya masomo au ya matembezi kwa kawaida haruhusiwi hata kuishika risasi. Zipo nafuu chache kwenye sheria, lakini hizo ni za kumwuliza mwanasheria, usimwulize mwenye duka. Dukani utajaza fomu 4473, ile ya serikali kuu ya kununulia bunduki, kisha muuzaji anaulizia jina lako kwenye mfumo wa FBI. Fomu inauliza kama wewe ni raia. Ukiweka alama ya "ndiyo" na wewe si raia, umejitafutia kesi mbili kwa mpigo: ya bunduki na ya uhamiaji, na hiyo ya pili ndiyo ya kukurudisha nyumbani. Na ndugu yako asiye na makaratasi akikupa hela umnunulie kwa jina lako, mkatalie. Akinuna na anune.

Sasa tuje kwenye chuma chenyewe. Watu wanauliza chapa, wakati swali la kwanza ni kazi. Shambani kwangu kazi ni mbili: koyoti anayevizia zizi alfajiri, na nguruwe pori wanaofukua malisho usiku. Nguruwe hao ni janga la Texas nzima. Wanakadiriwa kupita milioni 2, na tangu 2019 huhitaji leseni ya uwindaji kuwapiga kwenye ardhi binafsi ukiwa na ruhusa ya mwenye ardhi. Hakuna mnyama hapo anayepigwa kutoka mbali. Mita mia, mara nyingi chini ya hapo. Kwa hiyo yule muuzaji anayekusimulia bunduki ya kufika mita elfu moja, mwache amalize kusimulia, halafu mwombe akuonyeshe rafu ya bei ya chini.

Kwenye rafu hiyo utakuta Savage Axis, Mossberg Patriot na Ruger American. Zote ni za kukoki kwa bolti, yaani kile chuma cha nyuma unachokivuta na kukisukuma kwa mkono kila unapopiga, risasi moja moja, na dukani zinachezea dola 400 hadi 600 kutegemea msimu na kaliba, yaani ukubwa wa risasi. Kitako ni cha plastiki, kinagonga kama debe tupu ukikipiga kidole, na wapenda uzuri watakucheka. Hiyo plastiki ndiyo unayoitaka. Mbao hunywa unyevu ikavimba, na mwanzo wa mwaka nyuma ya kiti cha pikapu kuna matope, mwisho wake kuna vumbi la chokaa, na katikati kuna kamba, koleo na chupa ya dawa ya minyoo vinavyogongana kila unapovuka shimo. Mimi ningechagua Ruger American ya toleo la Ranch, ile inayopiga risasi za .223. Mtutu wake ni mfupi, inchi 16 na ushee, unageuka ndani ya gari bila kugonga kioo. Ufupi zaidi ya huo usiutafute: mtutu wa chini ya inchi 16 kwenye bunduki ya namna hii ni jambo la kusajiliwa na serikali kuu, na mtu anayeukata kwa msumeno nyuma ya banda anajipeleka jela mwenyewe.

.223 inatosha koyoti vizuri sana. Nguruwe mkubwa naye anaanguka, mradi utumie risasi zilizotengenezwa kwa ajili ya kuwinda na upige nyuma ya sikio au kwenye bega ukiwa karibu. Kama nguruwe ndio tatizo lako kubwa kuliko koyoti, panda hadi .243.

Kuna wanaosema .22 inatosha. Ruger 10/22 imekuwa sokoni tangu 1964, vipuri vyake vimejaa kila mahali, risasi zake ndizo za bei rahisi kuliko zote. Nami ninayo, kwa ajili ya nyoka na kicheche, na kwa mbuzi aliyevunjika asiyetibika. Ila kumpiga nguruwe kwa .22 ni kumtesa, na koyoti aliyejeruhiwa atakwenda kufia kwa jirani. Halafu usidanganywe na udogo wake: boksi lenyewe la risasi limeandikwa kwamba inaweza kusafiri maili 1.5, yaani zaidi ya kilomita mbili. Risasi ikivuka mpaka wa ardhi yako bila ruhusa ya jirani, Texas hilo ni kosa.

Wazee wa kizungu huku watakuambia hakuna kama .30-30 ya kukoki kwa wenzo wa chini, ile ya sinema za makauboi, Winchester 94 au Marlin 336. Hawakosei. Ni bapa, inalala nyuma ya kiti bila kitu kinachochomoza, na nguruwe habishani nayo. Tatizo ni bei: zamani zilikuwa bunduki za maskini, sasa wakusanyaji wamezipandisha. Ukiikuta ya haki kwenye duka la rehani, ichukue. Mosin-Nagant, bunduki za zamani za jeshi la Kirusi, nazo zilikuwa zikiuzwa kama bure, lakini enzi hizo zimepita, na risasi nyingi za zamani za jeshi zina chumvi inayokula mtutu usipoisafisha kwa maji mapema.

AR-15, ile inayojikoki yenyewe yenye umbo la kijeshi, sipendekezi kwa kazi hii. Ni bunduki nzuri, ila ndiyo mwizi anayoitafuta kwanza, na mtu aliyeamshwa na kelele za mbuzi saa kumi usiku hahitaji risasi 30.

Ukinunua ya mkononi, ikague hivi. Hakikisha haina risasi, uangalie na kwa kidole pia. Chomoa bolti, mulika tochi ndogo kwenye mdomo wa mtutu, chungulia kutoka nyuma, upande wa chemba, pale risasi inapokaa. Mistari inayozunguka ndani ya mtutu iwe na kingo kali na ing'ae. Ukiona vidoa vyeusi kama ukurutu, hiyo ni kutu iliyokwisha kuchimba, na mafuta aliyopaka muuzaji asubuhi hayaiondoi. Kisha tazama mdomo wa mtutu: pakiwa na pengo dogo tu ukingoni, risasi zitatawanyika. Mwisho tazama vichwa vya skrubu. Vikiwa vimetafunwa, kuna fundi wa nyumbani aliyeshapita humo na bisibisi isiyotoshea, na hujui alichokigusa.

Darubini ya kulengea ya bei ya kutupa usiifunge. Mtikisiko wa barabara ya vumbi unalegeza skrubu zake polepole, na hutajua hadi siku ya kumkosa koyoti akiwa amesimama wima. Funga skrubu kwa gundi ya kuzizuia zisilegee, na kila baada ya miezi michache piga risasi tatu kwenye karatasi uone zinaangukia wapi. Mafuta weka kidogo sana. Yakizidi yanakamata vumbi na bolti inaanza kusaga. Ziba masikio pia. Bunduki hizi zinapita desibeli 140, na mtutu mfupi una kelele zaidi. Viziba masikio vyangu nimevifunga kwenye kitako chenyewe, maana vikikaa kwenye dashibodi nitavisahau.

Hapa ndipo watu wanapobana hela mahali pasipostahili. Bunduki ya dola 450 na sanduku la dola 30 ni kumpa mwizi zawadi iliyofungwa. Nunua sanduku la chuma lenye kufuli nzito, ulifunge kwa bolti au kwa waya wa chuma kwenye fremu ya kiti. Rafu ya dirishani, ile ya kuonyesha bunduki kwa kila apitaye, waachie wa sinema. Stika za kampuni za bunduki bandua. Zinamwambia mwizi avunje kioo kipi. Piga picha ya namba iliyochongwa kwenye bunduki uihifadhi kwenye simu, maana polisi bila namba hana la kukusaidia. Usiku bunduki inaingia ndani ya nyumba, kwenye sefu. Jumapili ukienda kanisani au msiba wa Mtanzania mwenzetu huko mjini, inabaki nyumbani. Ni chombo cha siku za shamba.

Watoto wakipanda gari, magazini (kasha la risasi) imetoka, chemba tupu, sanduku limefungwa, ufunguo uko kwako. Texas inamshtaki mtu aliyeacha bunduki yenye risasi ovyo mpaka mtoto akaifikia. Ukienda kuwachukua shule, kumbuka sheria ya serikali kuu inahesabu futi 1,000 kuzunguka shule, na bunduki iliyofungiwa bila risasi ndiyo inayokuepusha na maswali. Maegesho ya posta nayo yaepuke.

Na jambo moja kwa sisi Waafrika. Leseni ya udereva na karatasi za bima ziweke kwenye kivuli cha jua juu ya kichwa chako, mbali kabisa na sanduku. Polisi akikusimamisha, mikono iwe juu ya usukani, taa ya ndani iwashwe kama ni usiku, na akiuliza kuhusu silaha mjibu ukweli kwa sauti ya kawaida, kisha ungoje akuambie ufanye nini. Usiinamie kiti cha nyuma kumwonyesha. Nimesimamishwa hivyo zaidi ya mara moja na tumeachana salama, lakini siwezi kusema moyo haukwenda mbio.

Kabla hujatumia senti yote hiyo, fikiria mbwa. Great Pyrenees wawili waliokua pamoja na mbuzi wameniokolea vitoto wengi kuliko risasi zote nilizopiga. Koyoti akisikia ile sauti nzito anatafuta shamba lingine. Bunduki inabaki kwa wale wakaidi, na kwa nguruwe, ambao mbwa hawawababaishi hata kidogo.

Ukitaka kwenda Mexico na gari hilo hilo, siku moja kabla toa kila kitu na upekue chini ya viti, kwenye mifuko ya milango na kwenye koti la shambani. Risasi moja iliyodondoka inatosha kukufungulia kesi upande wa pili wa mpaka.