Re: Nimeuziwa picha ya kale ya mchezaji wa besiboli, nijuaje kama ni yeye kweli?

Mkuu, nimesoma swali lako. Umeuziwa mnadani kapicha ka bati, kijana kashika gongo la besiboli, muuzaji anakuapia kwamba huyo ni Alexander Cartwright, mmoja wa waanzilishi wa klabu ya besiboli ya Knickerbocker ya New York, miaka ya 1840. Kabla hujaangalia sura hata kidogo, chukua sumaku uiguse nyuma. Ikinata basi hiyo ni tintaipu, yaani picha iliyopigwa moja kwa moja juu ya bamba jembamba la chuma, na tintaipu ilipewa hataza Marekani mwaka 1856. Sasa piga hesabu mwenyewe: Cartwright kazaliwa 1820, Knickerbocker imeanzishwa 1845, jamaa kaondoka New York 1849 kufuata dhahabu California halafu akaishia Honolulu na huko ndo akafia 1892. Kwa hiyo picha za aina hiyo zinaanza kupigwa yeye yuko Hawaii zamani na anakaribia miaka arobaini, huyo kijana wako hana hata ndevu. Labda iwe ni nakala iliyopigwa kutoka kwenye picha ya zamani zaidi, ila nakala za hivyo huwa zinajionyesha, utaona ukingo wa fremu ya kwanza pembeni au sura imefifia kuliko kawaida.

Mimi niko huku Yorkshire, miaka mingi nasaidia klabu moja ndogo ya kriketi kupanga sanduku lao la picha, na besiboli nimeifikia kupitia kriketi maana wengine walikuwa watu walewale. Harry Wright aliyeongoza timu ya besiboli ya Cincinnati Red Stockings (Soksi Nyekundu) ya 1869 kazaliwa Sheffield hapa jirani, baba yake Sam alikuwa mchezaji wa kulipwa wa kriketi New York na Harry mwenyewe kaanzia hukohuko kwenye kriketi. Kwa hiyo ukiona mtu mmoja kwenye picha mbili, moja ana gongo bapa la kriketi, nyingine gongo la mviringo la besiboli, usikimbilie kusema ni watu wawili.

Kitu cha pili, tintaipu inageuza kushoto kulia kama kioo. Watu waliamini miaka mingi kwamba Billy the Kid, yule jambazi wa Marekani, alikuwa anatumia mkono wa kushoto kisa picha yake moja ya bati, kumbe ni picha tu imegeuka. Wewe angalia vifungo, koti la mwanaume kwa kawaida upande wa kushoto unalalia juu ya kulia, ukiona kinyume basi igeuze kwenye kompyuta kwanza ndo uanze kulinganisha. Usipofanya hivyo utakuwa unalinganisha sikio la kushoto na la kulia halafu unashangaa mbona hayafanani.

Rangi ndo inadanganya wengi zaidi. Kemikali za enzi zile zilikuwa zinaona bluu vizuri na nyekundu karibu hazioni kabisa, so kitu cha bluu kinatoka cheupe na chekundu kinatoka cheusi. Zile soksi nyekundu za Cincinnati kwenye picha ni nyeusi tii! Mtu mwenye macho ya bluu anatoka na macho meupe ya kutisha, mwenye nywele za dhahabu anaweza kuonekana ana nywele nyeusi, madoa ya usoni ambayo kwa macho hata huyaoni yanatoka kama kaungua. Nimeona watu wanakataa picha halali kwa sababu "fulani alikuwa na nywele za njano", na wengine wanakubali ya uongo kwa sababu jezi "inaonekana nyeusi".

Sura iache mwisho, na ukifika hapo achana na ndevu. Mwanaume yeyote wa kriketi mwenye ndevu ndefu anauzwa kama W.G. Grace, yule staa wa kriketi wa England, nimechoka kuona hii. Grace alizaliwa 1848, kwa hiyo picha ya 1859 yenye mzee wa ndevu haiwezi kuwa yeye, mwaka huo alikuwa na miaka kumi na moja. Angalia sikio, nyama ya chini imeshikana na shavu au inaning'inia, mikunjo ya ndani imekaaje. Sikio linarefuka kidogo uzeeni lakini ile mikunjo haibadiliki. Na sikio lisilofanana linatosha kumtoa mtu, ila linalofanana bado halitoshi kumthibitisha, ndugu wa tumbo moja wana masikio ya kufanana, na kina Grace peke yao walikuwa ndugu watatu kwenye timu ya England pale uwanja wa Oval, London, 1880.

Majina yaliyoandikwa nyuma nayo usiyameze hivihivi. Kwenye sanduku letu kuna picha ya timu, nyuma kuna orodha ya majina kumi na moja safi kabisa, lakini imeandikwa kwa bolpeni, na bolpeni zimeanza kuuzwa madukani miaka ya 1940 wakati picha ni ya karne ya 19. Maana yake kaandika mjukuu au mtu mwingine huko baadaye. Halafu ukihesabu, waliopo kwenye picha ni kumi na wawili, mmoja kasimama katikati na koti refu na kofia, mwamuzi huyo. Aliyeandika kamruka bila kusema, kwa hiyo ukisoma orodha kwa kumhesabu na yeye, kila aliyesimama kulia kwake anapewa jina la jirani yake! Tulikuja kugundua kwa sababu mmoja wao alipigwa tena picha peke yake uzeeni, jina limechapwa chini, sikio likagoma kukaa kwa mtu aliyetajwa likakaa kwa wa pembeni yake. Tukahamisha majina hatua moja, tukalinganisha na matokeo ya mechi kwenye gazeti la mji, yakakaa yote.

Hili suala linaniuma kwa sababu ukimpa mtu jina la staa, la kwake ndo linapotea moja kwa moja. Angalia ile timu ya kriketi ya Waaborijini, wenyeji asilia wa Australia, iliyozunguka Uingereza 1868. Kila mchezaji alipewa rangi yake ili watazamaji wamtambue uwanjani, picha zao zipo na majina yapo, lakini ni majina waliyobandikwa na wazungu, Dick-a-Dick, King Cole. King Cole kafia London katikati ya ziara na jina lake ni Bripumyarrimin. Dick-a-Dick ni Jungunjinanuke. Ukiandika maelezo ya picha hizo andika na haya, siyo yale ya kubandikwa tu.

Sasa ya kwako, skani mbele na nyuma kwa ubora mkubwa, na kama ina stempu ya ushuru nyuma usiibandue, Marekani walitoza ushuru picha kuanzia Septemba 1864 mpaka Agosti 1866 tu, hapo unapata kipindi ilipouzwa. Usiifute kwa kitambaa. Weka hapa tuone sikio na mkanda wa kiunoni, mara nyingi mkanda una herufi za klabu na zitakuwa zimeandikwa kinyume.