Kabla gari lako halijapimwa moshi Atlanta, lipe muda

Ndugu zangu mnaoishi Clarkston, Stone Mountain, Lawrenceville na viunga vingine vya Atlanta, neno langu la kwanza ni hili: usifute misimbo ya hitilafu, yaani namba za tatizo zinazohifadhiwa kwenye kompyuta ya gari, wiki ileile unayotaka kulipeleka kupimwa moshi. Usichomoe terminali ya betri, na usikubali mtu akuchomolee, hata awe shemeji yako. Kila mwaka naona watu wakirudishwa kutoka kituoni kwa sababu hiyo moja tu, na wengi wao wameshatoa pesa kwa mtu wa kwenye maegesho aliyewahakikishia kwamba taa ya injini ikizimika, mambo yamekwisha. Ndiyo kwanza yameanza.

Wengi wetu tumekulia mahali ambapo gari lenye tatizo la moshi ni lile linaloacha wingu jeusi kila likibadili gia. Kwa hiyo mtu anaangalia nyuma ya gari lake, haoni kitu, anasema liko sawa. Hapa Georgia hakuna anayeingiza mpira kwenye ekzosi. Magari yote yaliyouzwa Marekani kuanzia modeli ya 1996 yana mfumo wa kompyuta ya gari kujichunguza yenyewe, unaoitwa OBD II, na soketi yake iko chini ya usukani, karibu na goti la dereva. Mpimaji anachomeka waya pale, na kompyuta ya gari ndiyo inayohojiwa. Je, taa ya injini inafanya kazi? Je, kompyuta imeiamuru iwake? Na swali la tatu, linalowaangusha wengi: je, kompyuta imemaliza kujipima yenyewe? Baada ya hapo anakagua kifuniko cha tangi la petroli kama kinabana, na anachungulia chini kuona kama katalitiki konvata, kile kifaa cha kwenye ekzosi kinachosafisha moshi, ipo mahali pake.

Hilo swali la tatu nataka tukae nalo kidogo. Kompyuta ya gari ina majaribio yake ya ndani: inapima konvata, sensa za oksijeni na vipasha joto vyake, mfumo wa kuzuia mvuke wa petroli, na mengineyo kutegemea aina ya gari. Mengine inayafanya muda wote injini inapounguruma. Mengine inayasubiria hali maalumu: injini iwe imelala na kupoa kabisa, tangi lisiwe tupu wala limejaa pomoni, mwendo uwe wa kutulia kwa dakika kadhaa. Ukifuta misimbo, au ukichomoa betri, majaribio yote yanarudi sifuri. Ni kama mwanafunzi aliyechana kurasa za daftari asubuhi ya siku mwalimu anayokusanya madaftari. Makosa hayaonekani, lakini kazi nayo haipo. Kwa gari la 2001 na kuendelea linaruhusiwa jaribio moja tu kutokamilika. Yakiwa mawili, karatasi inaandikwa "not ready" na hupiti, hata kama gari lenyewe ni zima kabisa.

Dada mmoja tunayesali naye, mwenyeji wa Goma, alinunua Honda CR-V ya 2012 kwa mtu binafsi. Gari zuri, ndani safi, taa ya injini haiwaki. Akaenda kupima siku ya pili yake, likakataliwa. Akanipigia: "Kaka, wanasema gari haliko tayari. Tayari kwa nini, kwani linasafiri?" Nikaenda, tukafungua boneti. Kibano cha betri upande wa hasi kilikuwa kinang'aa palipopita spana, huku kingine kimejaa ule ungaunga wa kijani. Muuzaji alichomoa betri kabla ya kumkabidhi. Nikamwambia awashe swichi bila kuwasha injini, tuangalie taa. Kwenye Honda nyingi, taa ya injini hukaa sekunde 20 hivi. Ikizimika kimya, majaribio yamekamilika. Ikikonyeza mara tano, bado. Ilikonyeza. Lilipoendeshwa siku kadhaa taa ikarudi, na msimbo ukawa P0455, yaani mvuke wa petroli unavuja pakubwa. Kifuniko cha tangi kilikuwa kimepasuka mpira wake. Kikanunuliwa kipya, gari likaendeshwa tena, likapita. Angekuwa amedai cheti cha kupima kabla ya kutoa pesa, usumbufu wote huo ungebaki kwa muuzaji. Ukinunua gari kwa mtu hapa, dai cheti kwanza. Usione haya.

Sasa, nani anapaswa kupima? Sheria inagusa kaunti 13 zinazozunguka Atlanta, zikiwemo DeKalb, Fulton, Gwinnett, Cobb na Clayton. Magari ya miaka mitatu ya modeli ya karibuni zaidi yamesamehewa, na yaliyofikisha miaka 25 pia, pamoja na ya dizeli. Kila mwaka upime kabla ya kulipia usajili, na kituo hakiruhusiwi kukutoza zaidi ya dola 25.

Usajili wenyewe unaisha siku ya kuzaliwa ya mwenye gari, na hapa nawasemea hasa ndugu waliopitia kambi za wakimbizi. Wengi wenu mliandikiwa tarehe 1 Januari kwenye karatasi, kwa hiyo usajili wenu unaisha siku ya sikukuu ambayo ofisi zimefungwa, mwishoni mwa msimu ambao gereji zina foleni na mfuko umekauka kwa Krismasi. Hakuna sheria inayokulazimisha kusubiri Desemba. Pima Oktoba au Novemba, wakati bado una nafasi ya kutengeneza kitu kikikataa.

Anza kwa kujua gari linasema nini. Kama taa ya injini inawaka, pita kwenye duka la vipuri kama AutoZone wakusomee msimbo bure. Au nunua kifaa kidogo cha kuchomeka kinachozungumza na simu, bei yake kama dola 20, na kitakuonyesha pia majaribio yapi yamekamilika. Mimi nakiona hicho ndicho kifaa cha kwanza cha mwenye gari la zamani katika mji huu, kabla hata ya jeki nzuri.

Lakini msimbo si hukumu, ni dalili. P0442 na P0455 zinahusu mvuke wa petroli kuvuja, na kifuniko cha tangi ndicho cha kuanza nacho kwa sababu ni rahisi. P0128 mara nyingi ni thamostati iliyokwama wazi, injini haifikii joto lake. P0300 maana yake gari linamisi, yaani petroli haiungui vizuri kwenye silinda. Angalia plagi na koili. Na taa ikiwa inakonyezakonyeza huku gari linatetemeka, usiendelee na safari. Petroli isiyoungua inakwenda kuunguzia ndani ya konvata, na konvata ikishayeyuka hutengenezi kwa plagi tena.

Msimbo unaoogopwa ni P0420, ule unaosema konvata haisafishi inavyopaswa. Nimeona watu wakiambiwa kaunta, bila gari hata kunyanyuliwa, kwamba wanahitaji konvata mpya, na bei inayotajwa inakaribia thamani ya gari lenyewe. Inaniuma sana, kwa sababu wanaoambiwa hivyo ni watu wa zamu za usiku kwenye viwanda vya kuku na maghala, na Kiingereza chao bado hakijafika mahali pa kubishana na mtu mwenye sare. Muulize fundi maswali matatu, hata kwa kumwonyesha yaliyoandikwa kwenye simu. Umekagua kama ekzosi inavuja kabla ya sensa? Umeangalia sensa ya oksijeni ya nyuma inasomaje? Injini inamisi au inakula oili? Ekzosi iliyotoboka inaweza kuidanganya sensa, na injini inayokula oili itaiua hata konvata mpya. Asiyeweza kukujibu hayo asikuuzie konvata.

Na kuna jambo ambalo wengi hawalijui: kwa sheria ya shirikisho, konvata na kompyuta ya injini zina dhamana ya mtengenezaji ya miaka 8 au maili 80,000, chochote kitakachotangulia. Haijalishi umenunua gari mkono wa pili. Kama gari lako lina miaka sita na maili 70,000, nenda kwa wakala wa kampuni iliyolitengeneza kabla hujalipa senti popote.

Kuikata konvata na kuunga bomba tupu, jambo ambalo nyumbani linafanyika mchana kweupe, hapa ni kosa, na mpimaji anachungulia. Vilevile kuondoa balbu ya taa ya injini: swichi ikiwashwa bila taa kuonekana, umeshindwa hapohapo.

Ukishatengeneza, ndipo misimbo ifutwe, halafu uendeshe. Hakuna njia ya mkato. Acha gari lilale usiku kucha. Petroli iwe kati ya robo na robo tatu ya tangi, maana jaribio la mvuke halifanyiki likiwa tupu au limejaa. Asubuhi liwashe, liache lingurume dakika mbili tatu, pita mitaani penye kusimama na kuondoka, kisha ingia barabara kuu, I-285 au 78, asubuhi ya Jumapili ndiyo nzuri kwa kuwa hakuna msongamano. Shika maili 50 hadi 60 kwa saa bila kukanyagakanyaga mafuta kwa dakika 20. Unapotoka, ondoa mguu kwenye pedali na uache mwendo upungue wenyewe kabla ya kugusa breki. Rudia hivyo siku kadhaa, ukichungulia kifaa chako. La konvata na la mvuke ndiyo huchelewa zaidi. Likibaki moja tu, unaruhusiwa kwenda.

Siku ya kupima, liendeshe gari kwanza mpaka lipate joto. Usiende kituo kilicho mlango wa pili na nyumba yako injini ikiwa baridi.

Likikataliwa, usiitupe ile karatasi. Ina orodha ya kilichokataa, na ukirudi kituo kilekile ndani ya siku 30 unapimwa mara moja zaidi bila malipo. Weka risiti zote zenye maelezo ya kilichotengenezwa, kwa sababu kuna msamaha unaotolewa kwa mtu aliyetumia kiasi kilichowekwa kisheria kutengeneza tatizo hilohilo na gari bado likakataa. Risiti iliyoandikwa "matengenezo" bila jina la kipuri haitakusaidia. Kazi aliyokufanyia binamu uani bila karatasi nayo ni vigumu kuhesabiwa.

Mwisho, wale mnaokaa na wazazi. Mwenye gari aliyefikisha miaka 65, ikiwa gari lake lina miaka 10 au zaidi na linakwenda chini ya maili 5,000 kwa mwaka, anaweza kuomba asipime kabisa. Namjua mzee mmoja ambaye Camry yake inakwenda kanisani, dukani na kwa wajukuu, basi, na bado alikuwa akipanga foleni kila mwaka. Kama gari limeandikwa jina la mama yako na wewe ndiye unayelipeleka kazini kila siku, msamaha huo si wenu. Lakini kama kweli ni lake na halitoki sana, msaidieni ajaze fomu mapema, na mpige picha ya odometa ili maili zake zionekane.