Kocha mpya kwa timu inayofungwa kila msimu: niliyoyaona ndani ya kamati mbili

Mkuu, swali lako nimelisoma mara mbili kabla ya kujibu kwa sababu limenigusa. Unasema chuo ulichosoma huko Marekani, kilichomo Divisheni ya Kwanza, ngazi ya juu ya michezo ya vyuo, ila kwenye konferensi ndogo (kundi la vyuo vinavyoshindana kwenye ligi moja), kimemwachisha kazi kocha wa kikapu cha wanaume baada ya misimu mitano mibaya, na wewe umeitwa kwenye kamati ya kumtafuta mrithi wake kama mwakilishi wa wahitimu. Mezani kuna majina ya aina tatu: mchezaji wenu wa zamani aliyefika NBA, ligi kuu ya kulipwa, kocha msaidizi wa chuo kikubwa, na mtu anayefundisha Divisheni ya Pili ambaye wafadhili wenu wanasema hawajawahi kumsikia. Unauliza nani achukuliwe, na apewe muda gani.

Nilifanya kazi miaka 12 kwenye chuo cha aina hiyohiyo, nikiwa mshauri wa masomo wa wanamichezo. Wachezaji walipita ofisini kwangu kila wiki na karatasi zao, na mimi ndiye niliyejua nani anafeli hesabu na nani hajalala. Kwa ajili hiyo nikawekwa kwenye kamati ya kumtafuta kocha mara mbili. Mara ya kwanza tulikosea vibaya. Mara ya pili tulipatia.

Jibu langu ni hili: mchukueni mtu ambaye tayari ameifanya kazi hii mahali penye hali kama yenu, na hakikisheni hivyo kwa kuwauliza waliokuwa chini yake. Waliokuwa juu yake watamsifia tu.

Kamati ya kwanza ilikuwa mwaka 2014. Tulimchukua mtoto wa nyumbani, mchezaji aliyevaa jezi yetu na kucheza kulipwa miaka mingi. Siku ya kumtambulisha ukumbi ulijaa hadi watu wakasimama ukutani, wazee waliomwona akicheza wanafuta machozi, na mimi nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka moto. Alikuwa mtu mwema, hilo nalisema kwa moyo wote. Lakini nakumbuka siku moja nilikwenda mazoezini kumpelekea orodha ya mitihani. Alisimamisha zoezi, akauchukua mpira, akamwonyesha kijana namna ya kugeuka chini ya kikapu kwa mguu wa ndani. Alifanya vizuri ajabu, kwa umri wake ule. Vijana walimtazama kama wameona muujiza. Kisha akasema, "Namna hiyo," akarudi pembeni. Yule kijana alijaribu mara nne, mara nne akapoteza mpira, na kocha hakuwa na neno la kumwambia. Mwili wake ulijua jambo ambalo mdomo wake haukuweza kulieleza. Hakuwahi kulazimika kulieleza, kwa sababu maisha yake yote alicheza na watu waliokwisha kujua.

Wasaidizi wake walikuwa marafiki wa zamani, hakuna hata mmoja aliyewahi kwenda kuketi sebuleni kwa mama wa mchezaji akamshawishi. Saa za kujisomea jioni zilifutwa ili kupata muda wa mazoezi zaidi. Kufikia mwaka wa pili wachezaji watatu walikuwa wamepoteza sifa ya kucheza kwa sababu ya alama. Kwa anayefikiri masomo ni jambo la pembeni: NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, hupima maendeleo ya masomo ya kila timu, na timu ikishuka chini ya 930 kati ya 1,000 hufungiwa mashindano ya baada ya msimu. Chuo cha Connecticut, walioubeba ubingwa wa taifa mwaka 2011, walikosa mashindano ya 2013 kwa jambo hilihili. Sisi tuliponea chupuchupu.

Na hatukuwa peke yetu. Chuo cha Georgetown walimpa timu Patrick Ewing mwaka 2017, mtu aliyewapa ubingwa wa 1984 na aliyekuwa kocha msaidizi NBA kwa miaka mingi. Mwaka 2021 walichukua kombe la Big East, konferensi yao, furaha kubwa, lakini msimu uliofuata walicheza mechi 19 za konferensi na kufungwa zote 19. Aliondoka 2023 akiwa ameshinda 75 na kufungwa 109. Chuo cha St. John's walimchukua Chris Mullin mwaka 2015, gwiji wao, bila kuwahi kufundisha timu yoyote. Misimu minne, kushinda 59, kufungwa 73. Siwataji kwa kuwadharau. Mapenzi ya jezi ni kitu kikubwa. Lakini kijana wa miaka 17 anayechagua chuo leo hakumwona Ewing akicheza, na baba yake pengine naye alikuwa mtoto mdogo wakati ule.

Sasa huyo wa Divisheni ya Pili mnayeambiwa hajulikani. Chuo cha Fairleigh Dickinson, cha Divisheni ya Kwanza, walimaliza msimu wa 2021/22 wakiwa wameshinda mechi 4 na kufungwa 22. Wakaenda kwa Tobin Anderson, aliyefundisha chuo kidogo cha Divisheni ya Pili, St. Thomas Aquinas, karibu na kwao. Alikuja na wachezaji wake watatu, akiwemo Demetre Roberts ambaye hafiki hata futi sita. Machi 2023 timu ile, fupi kuliko zote za Divisheni ya Kwanza, iliifunga Purdue 63-58 kwenye mashindano ya taifa. Purdue walikuwa wamepangwa namba 1 kwenye kundi lao, na katikati yao amesimama Zach Edey mwenye futi 7 na inchi 4. Ben McCollum naye alichukua ubingwa wa taifa wa Divisheni ya Pili mara nne akiwa Northwest Missouri State, akaenda chuo cha Drake 2024 pamoja na vijana wake kadhaa, akashinda mechi 31 kwenye msimu mmoja.

Watu hawa wana kitu ambacho msaidizi wa chuo kikubwa mara nyingi hana. Wameendesha timu wenyewe bila pesa. Wamepanga safari ya basi inayochukua saa nane, wamemchagua kijana ambaye wengine walimpita, wamemfundisha kutupa mpira kwa miaka mitatu mpaka akawa mtu. Msaidizi wa chuo kikubwa anajua kumshawishi kijana ambaye tayari anataka kuja. Kwenu hakuna anayetaka kuja, mkuu. Samahani kulisema hivyo, lakini kamati isiyolikubali hili itachagua vibaya.

Tahadhari moja: Anderson aliondoka siku chache baada ya kuifunga Purdue, akaenda chuo cha Iona. McCollum alikaa Drake msimu mmoja tu, Iowa wakamchukua. Kwa hiyo kwenye mkataba andikeni fidia ya maana ambayo chuo kitakachomchukua kitailipa. Hamtamzuia mtu kupanda, ila pesa hiyo itawasaidia kumpata anayefuata.

Kamati ya pili ilikuwa masika ya 2022, na dunia ilikuwa imegeuka. Mwaka 2014 mchezaji akihama alilazimika kukaa nje msimu mzima, kwa hiyo kocha akifukuzwa vijana walinung'unika lakini walibaki. Tangu 2021 wanaweza kuhama na kucheza mara moja, na tangu Julai 2021 wanaruhusiwa kulipwa kwa jina na sura zao. Leo hali imezidi: baada ya hukumu ya Juni 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa wachezaji moja kwa moja, na kwa mwaka wa kwanza, 2025/26, ukomo uliwekwa kuwa takriban dola milioni 20.5 kwa chuo kimoja, michezo yote pamoja. Nyinyi hamtakaribia hapo. Halafu kocha akiondoka, kanuni huwafungulia wachezaji wake dirisha lao la kuhama.

Usiku ule wa 2022, kocha aliyekuja baada ya yule wa kwanza alipoachishwa, saa tatu hivi, wachezaji watano walikuwa ofisini kwangu. Hawakuwa na pa kwenda. Simu zao zililala mezani zikitetemeka moja baada ya nyingine, wasaidizi wa vyuo vingine wanapiga, mawakala wanapiga, binamu ambao hawajasikika mwaka mzima wanapiga. Pointi gadi wetu (mchezaji anayeongoza mashambulizi) wa mwaka wa pili, kijana mpole anayesomea kemia, akaniuliza, "Niweke jina au nisiweke?" Sikuwa na jibu. Hakuna kiongozi yeyote wa chuo aliyekuja kuzungumza nao usiku ule wala kesho yake. Kufikia mwisho wa wiki majina saba yalikuwa kwenye potali ya uhamisho, orodha ya mtandaoni ya wachezaji wanaotaka kuhama. Hili ndilo kosa ambalo ningependa usirudie: kabla kamati haijakutana hata mara moja, mkurugenzi wa michezo aingie chumba cha kubadilishia nguo, akae, awaambie vijana mchakato utachukua siku ngapi na nani wa kumpigia simu.

Usaili tuliufanya kwenye hoteli ya uwanja wa ndege, watu sita siku mbili. Kampuni iliyolipwa kutuletea majina ilitupa mafaili mazuri yenye picha. Wengi walizungumza utamaduni wa ushindi, familia, nguvu, maneno ambayo yangefaa chuo chochote. Tulichokifanya tofauti safari hii, na nakusihi nanyi mfanye, ni kumwonyesha kila mmoja dakika kumi za video ya mechi yetu wenyewe tuliyofungwa na kumwomba aongee. Wawili walieleza mfumo wao. Mmoja alilaumu wachezaji. Wa nne, aliyekuwa kocha mkuu wa chuo kidogo, aliomba irudishwe nyuma mara tatu, akasema, "Huyu mrefu anachelewa kusaidia ulinzi kwa sababu anaogopa kufanya faulo. Kuna mtu alimtoa mapema kwenye mechi iliyopita?" Alitolewa, ndiyo. Dakika ya nne.

Kisha akanigeukia mimi, ambaye siku nzima sikuwa nimeulizwa kitu, akataka kuona ratiba ya vipindi vya wachezaji. Akaipitia kwa kidole. "Mazoezi yenu yanagongana na maabara za sayansi," akasema. "Mtu akitaka kusoma kemia hapa anachagua nini?"

Hata hivyo hatukumchukua kwa kuongea vizuri. Nilipewa kazi ya kupiga simu, na sikupiga kwa waliomo kwenye orodha ya wadhamini wake. Nilimtafuta mwanafunzi aliyekuwa meneja wa timu yake ya zamani, wale vijana wanaofua jezi na kujaza chupa za maji. Nikamtafuta daktari wa viungo, na mchezaji aliyekaa benchi miaka minne. Swali langu lilikuwa moja: mkifungwa mechi ya tano mfululizo, kesho yake asubuhi alikuwaje? Meneja alicheka kidogo, akasema kocha alikuja kabla ya watu wote akakunja taulo pamoja naye, hasemi kitu, halafu mazoezi yakaanza kwa wakati uleule wa kila siku. Yule wa benchi alisema hakuwahi kujiuliza kocha atakuwa mtu gani leo.

Angalieni pia Februari zake. Msimu huanza Novemba, na Novemba inaweza kumdanganya mtu: vyuo vidogo hutumwa kwa wakubwa kupigwa kwa malipo ya makumi ya elfu ya dola ili bajeti ikae sawa. Lakini kocha anayefundisha, timu yake ya Februari huwa bora kuliko ya Novemba, hata ikiwa bado inafungwa. Chukua misimu yake mitano, weka pembeni jumla, tazama hilo tu.

Kuhusu muda: kocha Mike Krzyzewski alimaliza misimu mitatu ya kwanza chuo cha Duke ameshinda 38 na kufungwa 47, wahitimu wanataka aondoke. Mkurugenzi wa michezo Tom Butters akamwongezea mkataba mwaka 1984. Yakaja makombe matano ya taifa. Kocha John Wooden alifika chuo cha UCLA 1948, ubingwa wa kwanza ukaja 1964. Simaanishi mvumilie chochote. Sisi tulimvumilia yule wa kwanza miaka minne wakati Februari ya mwaka wa pili ilishatuambia. Mimi ningempa mkataba wa miaka mitano, na nisingeuliza swali la kumwondoa kabla ya mwisho wa mwaka wa tatu.

Na muwe na kitu cha kumpa. Mti hauendi ila kwa nyenzo. Kabla ya kumwita mtu yeyote, mwulize mkurugenzi wa michezo kwa maandishi: mishahara ya wasaidizi ni kiasi gani, kuna fungu gani la wachezaji, nani analipia masomo ya kiangazi. Wa nne wetu alikubali mshahara mdogo kuliko tuliopanga ili tofauti iende kwa msaidizi wa tatu. Rais wa chuo alishangaa. Mimi sikushangaa.

Alipotia saini Alhamisi, mkutano wa waandishi ulipangwa Ijumaa mchana. Yeye alifika chuoni Alhamisi hiyohiyo, akaja ofisini kwangu na begi bado begani, akaniuliza pointi gadi yuko kipindi gani saa hizi. Nikamwambia maabara, jengo la tatu. Kijana alitoka saa kumi na moja na nusu jioni, miwani ya maabara bado kichwani, akamkuta kocha wake mpya ameketi sakafuni kwenye korido, anamsubiri. Jina lake aliliondoa kwenye potali Jumapili.