NIH na maombi 6 kwa mwaka
Kaka, umeuliza kama kweli NIH (taasisi za afya za taifa za Marekani, zinazofadhili utafiti) wameweka kikomo cha maombi ya ruzuku, na kama ombi la zamani ukilirekebisha na kulirudisha linahesabiwa. Ni kweli, tangu 25 Septemba 2025 mtafiti mkuu hatumi zaidi ya maombi 6 kwa mwaka, na hilo unalotaka kurekebisha urudishe linahesabiwa tu, hata ukiwa mtafiti mkuu mwenza limekula nafasi yako. Kilichosababisha kikomo hicho ni AI (akili mnemba), NIH wanasema kuna watu walituma maombi zaidi ya 40 raundi moja, jamani 40! Sasa ombi lililoandikwa kwa sehemu kubwa na AI halipokelewi, na wakigundua ushapewa hela wanaweza kukukatia ruzuku. Ila sisi watafiti wa nje ya Marekani tunaopitishiwa fungu la ruzuku na chuo cha kule, kilichotuumiza zaidi ni ile ya Mei 2025 NIH waliposimamisha ruzuku mpya zenye mgao wa nje, yaani fungu linalopelekwa kwa taasisi ya nchi nyingine.