Arifa hazitokei kwenye Linux? Mtafute mpokeaji kwanza

Programu ya barua pepe ikikaa kimya huku ujumbe umeshaingia, wengi hukimbilia kuifuta na kuiweka upya. Tafadhali usianzie hapo. Mara nyingi imeshatuma arifa, ila hakuna aliyeipokea.

Kwenye Linux, kwa kawaida programu haichori arifa yenyewe. Huikabidhi kwa D-Bus, tarishi wa ndani ya kompyuta, ambaye huipeleka kwa anayeshikilia jina org.freedesktop.Notifications. Jina hilo hushikwa na mmoja tu kwa wakati. Mazingira kamili ya eneo-kazi kama GNOME na KDE Plasma huja na mpokeaji wao. Ukitumia i3 au Sway, ambazo hupanga madirisha tu, ni juu yako kuweka programu ya kupokea arifa kama dunst au mako.

Kwa hiyo fungua terminali, uandike:

notify-send "Jaribio" "Habari"

Debian na Ubuntu huiweka amri hii kwenye kifurushi cha libnotify-bin. Arifa ikitokea, mfumo ni mzima. Kagua mipangilio ya programu yenyewe. Isipotokea, uliza nani kashika jina:

busctl --user status org.freedesktop.Notifications

Jibu litakuonyesha mchakato wenyewe. Kwangu hii ndiyo amri yenye thamani kuliko zote, kwa sababu inakata ubishi. Aliyewahi kujaribu dunst kisha akahamia mazingira mengine anaweza kukuta dunst bado ndiyo inayopokea kila kitu.

Mpokeaji yupo lakini kimya? Huenda amenyamazishwa. Kwa dunst, uliza dunstctl is-paused. Kwa GNOME, bonyeza saa iliyo juu ya skrini: ukikuta arifa zimejipanga pale, basi huenda hali ya kutosumbuliwa (Do Not Disturb) imewashwa.

Linalosumbua watu zaidi ni cron, huduma inayoendesha kazi kwa ratiba. Skripti ya kunakili mafaili unaiendesha kwa mkono, arifa inatokea vizuri. Unaikabidhi cron, kimya. Sababu ni kwamba cron huendesha kazi nje ya kikao chako, bila kujua D-Bus yako iko wapi. Iambie, mwanzoni mwa skripti:

export DBUS_SESSION_BUS_ADDRESS=unix:path=/run/user/1000/bus

Hiyo 1000 ni namba ya mtumiaji. Pata yako kwa id -u. Na kazi hiyo iwe kwenye crontab (orodha ya kazi za cron) yako mwenyewe, si ya root, yaani msimamizi mkuu wa mfumo, maana root ni mtumiaji mwingine kabisa na kikao chako si chake. Ndiyo maana hata sudo notify-send, inayoendesha amri kama root, huwaangusha wengi.

Siku hizi kazi za namna hii naziweka kwenye timer (ratiba) za mtumiaji za systemd, msimamizi wa huduma za Linux, zile za systemctl --user. Zenyewe tayari zinaijua anwani ya D-Bus, hivyo ule mstari wa export hauhitajiki. Hakikisha tu umeingia kwenye akaunti yako wakati kazi inapoanza.